Samaki Kumi na Moja wa Viviane

Jumanne, 21 Oktoba

Saa mbili asubuhi: samaki kumi na moja. Wote wazima. Hilo ndilo tatizo.

Kwa miaka ishirini na miwili niliandika daftari la mashuka kwenye kiwanda cha kufua nguo za hospitali, kwa hiyo najua kuandika hesabu bila maneno mengi. Hali ni hii. Mke wangu Viviane alifariki mwaka jana, tarehe 8 Novemba. Aliacha binti mmoja, Mignonne, muuguzi, anayekaa Etterbeek, upande wa pili wa jiji. Aliacha pia tangi la vioo hapa sebuleni kwetu, Berchem-Sainte-Agathe, lenye samaki kumi na moja aina ya danio. Ni samaki wa vijito vya India. Urefu wao ni wa kidole changu cha mwisho. Milia ya buluu na fedha, kichwa hadi mkia. Danio hakai peke yake. Wanakwenda kundi moja na kugeuka pamoja kama waliopewa amri.

Mwezi wa tatu mmoja wao aliota ukungu mweupe kwenye pezi. Nilimtajia Mignonne kwenye simu, bila nia yoyote. Alifika jioni ile ile na dawa, akapika lenga-lenga, mchicha wa kwetu, akalala kwenye kochi hadi asubuhi. Kabla ya hapo nilikuwa nimempigia mara tisa kumwambia kwamba mimi sijambo. Hakuja hata mara moja. Hitimisho lilikuwa wazi.

Tangu hapo samaki wameugua mara kumi na sita. Leo ni ya kumi na saba. Nimetuma ujumbe wa sauti: samaki wa mama yako, yule wa nne, anaogelea kichwa chini. Natuma kwenye kundi la familia, si kwake peke yake, ili kuwe na mashahidi. Sauti ilitoka vizuri. Kikohozi kidogo mwishoni.

Amejibu. Atakuja Alhamisi akitoka kazini.

Alhamisi, 23 Oktoba

Alikuwa afike saa kumi na moja. Alifika saa kumi na mbili na nusu, ameloa. Huchukua metro hadi Simonis, kisha tramu ya 19. Alisema alisinzia kwenye tramu, akapita kituo chetu, akaamshwa mwisho wa njia, Groot-Bijgaarden. Akarudi kwa miguu kwenye mvua maana aliogopa kusinzia tena.

Nimeandika hilo kama ishara njema. Mtu asiyejali samaki angegeuza kwenda kwake.

Alimtazama samaki wa nne kwa nusu dakika. Kisha akafungua friji. Ndani kulikuwa na nusu mkate, haradali na chakula cha samaki. Akaniuliza, "Papa, unakulaka nini?" Nikamjibu kwamba anayekataa chakula ni samaki. Akauliza tena. Nikamrudisha mbele ya tangi, nikamweleza jinsi samaki alivyokuwa ameinama Jumanne. Alikuwa ananiangalia mimi, haangalii samaki. Ni muuguzi mzuri, nasikia, lakini upande huu bado ana mengi ya kujifunza.

Akapika. Tukala. Akaondoka saa mbili. Saa moja na nusu kwa jumla, pamoja na dakika za friji.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma. Siku imeongezwa saa moja na sina la kuifanyia.

Jozi za viatu mlangoni kwa Jean-Pierre, ghorofa ya tatu: tisa. Mlangoni kwangu: moja, yangu.

Jean-Pierre ni mtu wa Lubumbashi, fundi umeme mstaafu. Ana samaki sitini kwenye tangi refu kama jeneza na anajiita docteur. Husema sisi wa Bukavu tunajua samaki kwa njia moja tu, sambaza, dagaa wa ziwani, ya kukaanga. Wanawe wanne huja kila Jumapili, na wajukuu. Leo nilimkuta kwenye lifti, nikamuuliza, kama mtu asiye na haja, anatumia njia gani. Akasema anawapigia simu: "Kuyeni tukule." Nikamuuliza, na baada ya hapo? Akasema baada ya hapo wanakuja.

Ni wazi anaficha kitu.

Saa tisa, simu kutoka Liège. Antoinette, dada mkubwa wa Viviane. Huniita shemeki na huzungumza nami kama anayeongea na karani aliyekutwa na upungufu. Alisema tutamaliza matanga Jumamosi tarehe 8, mwaka ukiwa umetimia, hapa kwangu. Nitavua shati jeusi. Watu watakula. Vitu vya marehemu vitagawiwa: pagne zake za kitenge, sufuria, mikufu. Nikasema sawa, sawa, sawa. Kisha akasema, "Na ile samaki."

Nikasema samaki si pagne.

"Shemeki, samaki nayo ni kintu ya marehemu. Tutagawa."

Nimehesabu. Antoinette, wapwa wawili wa kike, Mignonne. Samaki kumi na moja kwa watu wanne. Kwangu: sufuri. Samaki wakiondoka hakuna wa kuugua. Hakuna wa kuugua, hakuna tramu ya 19.

Jumatano, 29 Oktoba

Mpango wa kwanza. Nimempigia Antoinette asubuhi kumweleza, kwa utulivu, kwamba samaki ni wangu. Niliwanunua mimi. Viviane alikuwa akiwatazama tu.

Antoinette alisema ningoje. Nikasikia anabonyeza simu yake. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe: samaki wa mama yako wanaumwa. Akabonyeza tena. Samaki wa mama yako hawali. Akabonyeza tena. Samaki wa mama yako wa nne anaogelea kichwa chini. Jumla alisema anazo kumi na saba, na katika zote ni samaki wa mama yako.

"Bon," alisema. "Na kile kikohozi, shemeki, kunywa chai ya tangawizi."

Mashahidi walikuwa wazo baya.

Jumamosi, 1 Novemba

Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote. Makaburi yamejaa watu na maua ya chrysanthème. Mignonne alinipitia saa nne bila samaki yeyote kuugua. Hiyo siihesabu. Ilikuwa ya mama yake.

Tulisafisha jiwe. Yeye alisugua jina, mimi tarehe. Tulipotoka langoni aliniambia twende kwake Etterbeek, amepika sombe, majani ya muhogo, tangu jana, nikae hadi jioni. Nikamwambia siwezi, nina kazi muhimu nyumbani. Akauliza kazi gani. Nikasema ya samaki. Akatikisa kichwa, akapanda basi lake. Nilimpungia mkono hadi basi likakata kona.

Kazi yenyewe ni mpango wa pili. Samaki walio mahututi hawahamishwi. Hakuna mama mkubwa atakayethubutu kubeba mgonjwa hadi Liège. Kilichohitajika ni maji yanayoonekana kama hospitali. Jean-Pierre ana chupa ya dawa ya buluu. Nilimwomba. Akauliza nani anaumwa. Nikasema wote. Akaniangalia. Akasema matone matatu, na pampu ya hewa isizimwe hata kidogo.

Matone matatu hayaonekani. Nimejaribu. Nikaongeza kifuniko kimoja. Nikaongeza kingine. Pampu ilikuwa inachuja rangi yote, nikaizima. Saa kumi na moja maji yalikuwa buluu kama wino. Samaki hawaonekani kabisa. Mafanikio.

Jumapili, 2 Novemba

Wanne wamekufa.

Nilipiga hodi kwa Jean-Pierre katikati ya chakula chake, mbele ya wanawe wote. Alishuka na leso ya mezani bado shingoni. Aliwasha pampu kwanza, kisha akaongea. Tulibadilisha maji, ndoo kwa ndoo, saa mbili nzima. Mwanawe mkubwa alibeba ndoo. Jean-Pierre aliuliza niliweka matone mangapi. Nikasema zaidi kidogo. Akanusa chupa, akaitikisa, ilikuwa tupu. Hakunitania. Ningependa angenitania.

Nimewazika kwenye chungu cha lenga-lenga cha Viviane, kwenye balkoni. Lenga-lenga yenyewe ilikufa baridi iliyopita na sikuing'oa.

Saa mbili usiku, saa ambayo Viviane alikuwa akisimama mbele ya tangi kila siku, kidole hewani, akihesabu. Nilihesabu badala yake. Saba.

Sikuwahi kumwuliza kwa nini alihesabu. Nilidhani ananichunguza, maana niliwahi kuwalisha kupita kiasi.

Jumanne, 4 Novemba

Hesabu lazima irudi kumi na moja kabla ya Jumamosi. Antoinette huhesabu kila kitu. Kwenye mazishi alihesabu viti.

Duka la samaki, barabara ya chaussée de Gand. Danio wamekwisha, watakuja wiki ijayo. Muuzaji, kijana mpole, alinionyesha rasbora. Nao ni wa Asia, nao wadogo, nao wa kundi. Rangi ya shaba, na pembetatu nyeusi ubavuni. Nilimwambia natafuta wenye milia. Akasema hawa wana pembetatu. Nikafikiria miwani ya Antoinette, ambayo ni minene, na mwanga wa sebule yangu, ambao ni hafifu. Nimechukua wanne.

Saa kumi jioni niliwamwaga ndani. Danio saba walikimbilia kushoto. Rasbora wanne walikimbilia kulia. Katikati maji matupu.

Saa kumi na mbili: vile vile.

Jean-Pierre alikuja kukagua maji. Alisimama mikono nyuma, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Papa Lucien," akasema, "umealika ba-inconnu, batu hatujue, kwa matanga." Leo amenitania. Nilishukuru kimoyomoyo, kisha nikakasirika.

Alhamisi, 6 Novemba

Bado kushoto na kulia. Nimejaribu kuwalisha katikati tu. Danio wanakuja, wanakula, wanarudi. Ndipo rasbora wanakuja, wanakula makombo, wanarudi. Kama familia mbili zinazogombania msiba mmoja.

Nimechomoa balbu za taa mbili kati ya tatu za sebule na kuzificha. Nimetandika pagne ya Viviane juu ya tangi, ile ya kijani yenye ndege, ikafunika upande wa kulia nusu nzima. Ukisimama mlangoni unaona samaki saba na unadhani wengine wako chini ya kitambaa. Nimesimama mlangoni mara nne. Inafanya kazi.

Pagne bado ina harufu yake upande mmoja. Nimeugeuzia ukutani.

Mignonne alipiga simu kuuliza kama nina viti vya kutosha. Nikasema ninavyo. Akauliza kama niko sawa. Nikasema samaki wametulia. Akarudia swali, nikarudia jibu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nitaandika kwa mfuatano.

Saa sita walifika: Antoinette na wapwa wawili kutoka Liège, Mignonne na sufuria tatu, Jean-Pierre na viti sita na mkewe. Sala. Antoinette alinivua shati jeusi, akanivisha jeupe. Alikosea tundu la kifungo mara mbili, na nikaangalia ukuta ili asione kwamba nimeona. Tukala ugali, sombe, sambaza zilizoletwa kutoka Bukavu na mgeni aliyekuja kwa ndege. Jean-Pierre alinyanyua sambaza moja kwa mkia, akaangalia tangi, akaniangalia mimi. Mkewe alimkanyaga.

Kisha mgao. Pagne kwa wapwa. Mikufu kwa Mignonne. Sufuria kubwa kwa Antoinette. Mimi nilipewa saa yake ya mkononi, ambayo haitembei.

Antoinette akasimama, akasema, "Alors, samaki." Akaenda kwenye tangi. Akasema pagne hii nayo haijagawiwa. Akaivuta.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akahesabu kwa kidole, hewani, vile vile kama Viviane. Nilikuwa sijajua kwamba ni kidole cha familia.

"Kumi na moja," alisema. Nikapumua. "Saba ni ya Viviane. Hii ine ni ya nani?"

Sebule nzima ikanigeukia. Nikasema wamebadilika rangi kwa huzuni.

Jean-Pierre alitoa sauti kama mtu aliyepaliwa. Hakuna mwingine aliyecheka. Mignonne alisema, taratibu, "Papa." Basi nikasema yote: chupa, pampu, wanne, duka, pembetatu. Mignonne aliuliza wale wanne wako wapi. Nikamwonyesha balkoni. Alitoka, akasimama mbele ya chungu, akachukua kopo, akamwagilia udongo usio na kitu chochote. Akarudi ndani, akakaa.

Nilingoja Antoinette anitukane. Alikaa chini. Akaniuliza kama najua kwa nini Viviane alinunua kumi na moja. Nikasema nilidhani wa kumi na moja alikuwa nyongeza ya duka.

Akasimulia. Oktoba 1996, vita viliingia Bukavu. Walitoka kwa miguu kuelekea Walungu, vijana na watoto kumi na moja, wa nyumbani kwao na wa kwa jirani. Yeye Antoinette akiwa mkubwa, Viviane akimfuata. Barabarani watu walikuwa wengi, ukilegeza mkono umepotea. Wakachana pagne, wakasokota kamba, kila mtu akaishika. Kazi ya Viviane ilikuwa kuhesabu. Kila waliposimama alihesabu. Siku ya tatu, baada ya milio ya bunduki, alihesabu tisa. Akahesabu tena. Tisa. Waliokosekana walikuwa Noé na mdogo wake Jémima. Hawakuonekana tena hadi leo.

Siku ya nne msichana mmoja na bibi yake, watu wasiowajua, waliomba kushika kamba. Antoinette alitaka kukataa. Chakula kilikuwa kidogo. Viviane aliwapa ncha. Jioni akahesabu, kwa sauti, hadi kumi na moja. Akalala.

Nimeishi na Viviane miaka ishirini na sita. Nilijua kwamba walipita Walungu. Kamba sikuijua. Hakunisimulia, nami sikuuliza.

Antoinette alisema samaki hawa hawagawiwi. Wataenda nyumba moja, kwa mtoto, wote pamoja. Mpwa mmoja akauliza, hata wale wanne? Antoinette akasema, "Kumi na moja ni kumi na moja."

Wakaamua samaki wahamishwe kesho. Nikasema sawa. Nilikuwa bado na sababu mbili za kupinga, nilizoziandika kwenye karatasi mfukoni mwa shati. Lakini karatasi ilikuwa kwenye shati jeusi.

Jumapili, 9 Novemba

Walihamishwa kwa gari la Jean-Pierre. Samaki kwenye ndoo yenye kifuniko, ndoo mapajani mwangu, tangi tupu nyuma. Jean-Pierre aliendesha taratibu kama anabeba mayai, akipigiwa honi kutoka Berchem hadi Etterbeek. Kwenye ndoo hakuna kushoto na kulia. Nilifungua kifuniko mara mbili. Walikuwa donge moja.

Tangi liko karibu na dirisha la Mignonne. Jean-Pierre aliunganisha pampu, akakataa chai, akasema wanawe wanangoja kula. Tukabaki wawili.

Mignonne akaniambia nikae. Akasema, "Papa, ile samaki haikugonjwa hata mara moja, isipokuwa ile ya mwezi wa tatu. Nilikuwa naona. Nilikuwa nakuya juu yako, hapana juu ya samaki." Nikamuuliza kwa nini basi hakuja zile mara tisa nilizompigia kabla. Akasema zile mara tisa nilimwambia niko sawa, na kila mara nilikata simu kabla hajamaliza kulia.

Hilo sikulikumbuka hivyo.

Akanipa ufunguo. Jumanne na Ijumaa yeye yuko kazini Woluwe hadi jioni; nije niwalishe, nimngoje, tule. Jumapili pia nije. Na siku nyingine nikitaka.

Amesema hivyo kwa adabu. Mama yake alimlea vizuri.

Jumanne, 11 Novemba

Sikukuu, lakini wagonjwa hawana sikukuu, Mignonne yuko kazini. Nilitumia ufunguo. Nilipiga hodi kwanza, kisha nikafungua.

Chakula: kidole na gumba, mara mbili. Hesabu: kumi na moja. Rasbora wanne bado wanakaa chini ya danio, lakini upande ni mmoja. Danio wakigeuka, nao wanageuka, wamechelewa kidogo, kama wageni kanisani wasiojua lini kusimama.

Nimerudi saa mbili na nusu. Sebuleni kwangu, pale lilipokuwa tangi, kabati lina mraba safi usio na vumbi. Nimeupima. Sentimita themanini kwa thelathini na tano. Nimeweka saa ya Viviane katikati. Inaonyesha saa kumi na dakika sita.

Nilihesabu viti. Vinne. Hakuna sababu.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimewalisha. Kumi na moja. Mignonne alifika saa kumi na mbili, akavua viatu, akalala kwenye kochi akiwa na koti. Nilivuta blanketi, nikamfunika. Nilipasha sombe. Alipoamka tulikula tukitazama samaki. Akaniambia Jumapili niwahi, atapika wali na maharage, na Antoinette anakuja. Mlangoni alinifunga skafu kama mimi ndiye mtoto.

Kwenye tramu nikafikiria tena. Ufunguo ni wa samaki, na samaki ni wazima. Jean-Pierre amewakagua na anasema wataishi miaka. Jumapili ya kwanza ni rahisi. Ya pili pia. Baada ya hapo mtu huchoka, hasa mtu anayefanya kazi kama yake. Mwaliko hauna muhuri. Sioni ni nini kitakachomlazimisha kunikumbuka siku ambayo si Jumanne, si Ijumaa, si Jumapili.

Kwa bahati nililiona hilo mapema, kabla ya kutoka kwake. Alipokuwa anaosha vyombo nilivua miwani yangu na kuiweka nyuma ya tangi, chini, pale nyaya za pampu zinapopita. Haionekani kwa urahisi. Naandika haya bila miwani. Mistari inapandana na sijui nimeandika nini juu.

Kesho ni Jumamosi, hana kazi. Saa mbili asubuhi nitampigia na kumwambia sioni. Nimeifanyia sauti mazoezi mara tatu. Kikohozi nimekiacha.